Koleo Namba Nne

Eersbroek, 4 Juni 1951

Dada mpendwa Dien,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na laiti ningekuwa na tarumbeta ningeipuliza, mdogo wako anautangazia ulimwengu, Kanada ikiwamo, kwamba Jumatatu iliyopita saa moja asubuhi alikabidhiwa koleo. Usidhani ni koleo la kuzolea mavi ya ng'ombe. Hili ni koleo la kisayansi: bapa, limenolewa mpaka unaweza kunyolea ndevu, na lina namba kwenye mpini. Namba yangu ni nne. Nikilipoteza, naandikiwa barua.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo wewe? Lowie hajambo, na ng'ombe wenu je? Huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Baba anakohoa asubuhi, kisha anaacha, kisha anawasha kiko ili apate sababu ya kukohoa tena. Karakana yake imejaa viatu vya mbao visivyo na miguu, maana vijana siku hizi wanavaa mabuti ya mpira.

Serikali imeamua nyika yetu ilimwe. Mwakani kutakuwa na viazi mahali kondoo walipokuwa wakilia tangu Nuhu. Lakini kabla plau haijapita, lazima vile vilima vya makaburi ya kale vichimbuliwe kitaalamu, na kwa ajili hiyo ametujia Profesa Roosdorp, mtu mrefu mwenye kofia ya majani na adabu nyingi. Ameajiri wanaume saba ambao hawana kazi ya maana. Mimi niliongoza orodha.

Huyu bwana hachimbi kama watu, dada. Anakigawa kilima robo nne kama keki ya harusi. Kwanza anaondoa robo mbili zinazotazamana, anasoma kuta zilizobaki kama mtu anayesoma gazeti, ndipo anaondoa nyingine. Na hatuchimbi, tunanyoa: unasukuma koleo, unachukua mchanga unene wa ukurasa, unasimama, unatazama. Mifupa usiitafute. Mchanga wa nyika ni mchachu kama siki, unakula mfupa na meno yake. Aliyezikwa anabaki doa. Unaona alama ya kahawia yenye umbo la mtu aliyelala, na ukipuliza kwa nguvu umemharibu.

Leo tulikuta shimo. Profesa akapiga magoti, akatoa kopo la nyama la wanajeshi, akasimama. "La juzi," akasema. "Tupa." Katika sayansi, dada, hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Baba hapendi. Mzee ambaye hajaniuliza habari za kazi yangu tangu nizaliwe, sasa kila jioni ananiuliza, "Wamefika wapi?" Nikimjibu, anasukuma sahani. Viazi vyake wamekula kuku siku tatu mfululizo.

Ndimi mdogo wako,
Nol


Ontario, 16 Juni 1951

Mdogo wangu Nol,

Barua yako imefika na imenichekesha. Huku hatujambo, Lowie amepona kidole alichobanwa na lango, ng'ombe wanatoa maziwa, mvua inakuja ikitaka. Nashukuru kwa hilo.

Hukusema ni kilima kipi. Je, ni kile chenye msonobari uliopinda, ambacho bibi alikuwa akituambia kina vibwengo? Nijibu hilo kwanza, mizaha baadaye.

Mwambie Baba ale. La, usimwambie kitu. Usimwambie hata kwamba nimeuliza.

Dada yako,
Dien


Eersbroek, 1 Julai 1951

Dada mpendwa Dien,

Nakujibu kwanza kama ulivyoamuru: ndiyo, ni kile chenye msonobari uliopinda. Msonobari wenyewe tuliukata wiki ya pili. Vibwengo hawakutoka.

Sasa shukuru Mungu kwa afya, uketi, maana ndugu yako amekuwa mtu mashuhuri. Siku ya Alhamisi, robo ya kusini-mashariki, koleo namba nne liligusa rangi. Nikasimama. Mchanga wa manjano, na ndani yake doa la kahawia, refu kama mkono wangu kutoka kwapani hadi vidoleni, mviringo huku na huku, upande mmoja mpana kidogo. Nilidhani ni kiatu cha mbao cha jitu. Profesa aliponiona sisogei alikuja mbio, kofia ikaanguka, hakuiokota.

Siku mbili alifanya kazi kwa kijiko na brashi. Akasema doa la nje ni gogo lililochongwa likawa kama hori, na kifuniko juu, na hakuna msumari hata mmoja. Na ndani yake kuna doa jingine, jepesi zaidi, lililojikunja. Mtoto, Dien. Mchanga. Udogo wake niliweza kuufunika kwa kofia yangu.

Profesa alilia. Si sana, kwa kiasi cha profesa. Akatueleza kwamba kilima kilijengwa kwa mabamba ya nyasi, kila bamba limelazwa nyasi zikitazama chini, na kwamba huyu mtoto aliingizwa baadaye kidogo. Waliomzika walikata shimo, wakalifunika vilevile, bamba kwa bamba, nyasi chini. "Watu walewale," akasema, "desturi ileile. Miaka elfu tatu na mia tano."

Habari zilifika kijijini kabla yetu. Jioni palikuwa na watu kama gulio. Paroko mwenyewe alikuja kwa baiskeli, na uzee wake wote ule. Alisimama ukingoni, akatazama, akavua kofia. Mke wa mwokaji akamwuliza, "Paroko, huyu alikuwa mpagani, atakuwa wapi sasa?" Paroko akasema Mungu hakosi huruma kwa wale ambao hawakupata nafasi ya kusikia.

Baba alikuwepo. Alikuja kwa miguu, akakaa juu ya toroli langu. Profesa aliposikia kwamba ni mchonga viatu alifurahi, akamwita ashuke shimoni amwulize kama mtaalamu kwa mtaalamu.

"Mzee, kitu kama hiki ungekichonga vipi?"

"Kwa tezo. Halafu kisu kirefu cha kukwangulia. Ungeanzia upande wa kichwa."

"Umejuaje upande wa kichwa?"

"Ni mpana."

"Na fundi wake unamwonaje? Alikuwa hodari?"

Baba akainama juu ya doa. "Kazi anaijua," akasema. "Lakini alikuwa na haraka."

Profesa aliandika hilo kwenye daftari lake. Nimeliona, limepigiwa mstari.

Dada, mimi si bapa kama koleo langu. Nilipokuwa na miaka tisa, siku moja ya Februari, wewe ukiwa umelala kwa ugonjwa wa "mapafu," niliamka nikasikia tezo karakanani. Ilikuwa Jumapili. Baba hajawahi kushika chombo siku ya Jumapili, hata siku ghala lilipopasuka mlango. Nilipouliza niliambiwa mwanakondoo amekufa. Nani duniani humchongea mwanakondoo?

Sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba nina masikio.

Mdogo wako,
Nol


Ontario, 12 Agosti 1951

Mdogo wangu Nol,

Nisamehe ukimya. Natumaini goti lako na kifua cha Baba vinaendelea vizuri. Barua hii ni ya nne. Tatu zimewasha jiko.

Hayakuwa mapafu. Usiniulize baba wa mtoto ni nani. Alikufa vitani mwaka wa arobaini pale darajani pamoja na kikosi chake, na kabla ya hapo alikuwa ameshaoa mwenye mashamba. Hana la kujibu tena.

Alizaliwa alfajiri, Jumapili ya tarehe nane Februari, elfu moja mia tisa thelathini na moja. Shangazi Hanne ndiye aliyenizalisha. Mkunga hakuitwa kwa sababu mkunga ana mdomo. Alizaliwa hai, Nol. Hakulia, lakini kifua chake kilipanda na kushuka, nilikiona. Shangazi akasema, "Maji, haraka, tumbatize." Ndoo ilikuwa tupu. Baba akakimbia nje na pampu ilikuwa imeganda. Nilimsikia akiipiga kwa shoka. Alipiga, akapiga. Aliporudi na barafu ndani ya kofia yake, akaanza kuiyeyusha mikononi mwake, hapakuwa na haja tena.

Alikwenda kwa Paroko asubuhi hiyohiyo kabla ya misa. Hakuomba kengele wala sala. Aliomba futi mbili za udongo kandokando ya ukuta. Paroko akamwambia sheria ni sheria, ardhi iliyobarikiwa ni ya waliobatizwa, na kwamba awaangalie vizuri zaidi binti zake. Nilikuwa binti mmoja tu.

Baada ya hapo nilisikia tezo, kama wewe. Niliomba nimwone. Baba akasema, "Amelala vizuri." Niliuliza wapi. Akasema, "Mahali pakavu." Nimemwuliza mara tatu maishani mwangu na mara tatu amenijibu maneno hayo mawili. Unajua tulivyolelewa: mtoto asiyebatizwa anakuwa mwenge unaotangatanga nyikani. Miaka kumi na saba, mpaka nilipopanda meli, sikuweza kupita dirisha la nyuma jioni bila kutazama. Mungu hakutupa mwingine, mimi na Lowie, na nafikiri hata hilo nalijua sababu yake, ingawa daktari anasema si hivyo.

Mwulize Baba. Nataka kusikia neno la tatu.

Dada yako,
Dien


Eersbroek, 26 Agosti 1951

Dada yangu,

Salamu zako zimefika, na mengine yote. Nimeisoma mara mbili kisha nikaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Nilimwuliza jana. Nilingoja akiwa kazini, maana mikono yake ikishughulika ulimi unapata nafasi. Nikakaa juu ya gogo, nikasema, "Baba, Dien ananiuliza kama ni yeye."

Aliendelea kuchonga kiatu kile mpaka kikawa chembamba, hakifai tena. Kisha akasema, "Mwambie ndiyo."

"Kwa nini kilimani?"

"Maji hayafiki."

"Nyika yote ni kavu, Baba."

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye kiatu kilichoharibika. "Pale kuna watu," akasema. "Baba yangu alinionyesha, na baba yake alimwonyesha. Watu wazima, wamejaa kilima kizima, na hakuna hata mmoja aliyebatizwa. Nikaona, hawa hawatamwuliza cheti."

Nikamwuliza habari za mabamba ya nyasi, jinsi alivyojua kuyalaza kama wale wa kale. Akashangaa swali.

"Sasa ungeyalaza vipi? Ilikuwa Februari. Unamfunika mtoto, unaweka upande wenye manyoya ndani."

Hiyo ndiyo desturi ya miaka elfu tatu na mia tano, dada. Profesa ameiandikia kurasa kumi na moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo liko mikononi mwako. Profesa hakumwacha pale. Amelikata bonge lote la mchanga pamoja na doa, amelifunga kwa mbao, akalizungushia plasta, na wanaume saba tukalibeba hadi kwenye lori. Mimi nilikuwa kona ya nyuma kushoto. Limekwenda makumbusho ya mjini. Wanamtengenezea kabati la kioo.

Nikimwambia Profesa neno moja, mtoto huyu anakuwa wa juzi. Umesoma barua yangu ya kwanza, unajua cha juzi hufanywa nini. Na pia kijiji kizima kitajua, na Paroko atajua alimvulia nani kofia. Hilo la mwisho peke yake lingenifurahisha hadi Krismasi. Lakini nikinyamaza, tunamwachia mtu mwaminifu uongo ambao ataupeleka kwenye mikutano mpaka Stockholm.

Mimi naweza yote mawili. Kunyamaza nimesomea kwa Baba. Amua wewe, ni wako.

Mdogo wako,
Nol


Ontario, 9 Septemba 1951

Nol mdogo wangu,

Natumaini mko salama.

Nyamaza.

Paroko alimnyima futi mbili za udongo. Serikali imempa chumba, paa, kioo na mlinzi. Mtu mwenye elimu amempigia magoti siku mbili. Ni nani katika ukoo wetu aliyepata hivyo? Acha awe na miaka elfu tatu. Mimi pia naona ni nyingi kiasi hicho.

Ila mwende mkamwone, wewe na Baba. Mwende mkanieleze.

Dada yako,
Dien


Eersbroek, 18 Novemba 1951

Dada mpendwa Dien,

Natumaini baridi ya huko, ambayo mnaisifia kama watu wengine wanavyosifia watoto wao, haijawagandisha. Baba kikohozi kimeteremka kifuani na kimeamua kukaa. Nitakuambia alivyokipata.

Tulikwenda Jumatano kwa basi. Baba alivaa suti ya mazishi na viatu vya ngozi ambavyo vilimbana tangu tulipofunga mlango wetu. Alikuwa na kifurushi cha mkate wa rai na mafuta ya nguruwe, maana haamini mji. Makumbusho yana ngazi za mawe mbele, na Baba alizipanda polepole akishika ukuta. Mlangoni mlinzi, mtu mnene mchangamfu, akamwambia, "Karibu mzee, umekuja kwa ajili ya mtoto?" Baba akageuka mweupe. Yule akasema, "Wote wanakuja kwa ajili ya mtoto. Wiki iliyopita nilikuwa na shule nne."

Yuko chumba cha pili, kulia, karibu na jiko la makaa, kwa hiyo baridi hapati. Kioo ni safi. Wamemwekea taa juu. Doa linaonekana vizuri kuliko nyikani, kichwa, mgongo, magoti, na lile gogo la Baba likimzunguka. Kibao kinasema: "Mtoto wa Eersbroek. Alizikwa kwa upendo takriban miaka 3,500 iliyopita." Hilo neno la upendo ni la Profesa. Nilishangaa limepitaje kwenye sayansi.

Baba alivua kofia. Akasoma kibao, midomo ikitembea. Nilidhani analia kumbe anahesabu.

"Amekua," akasema.

Kulikuwa na mama mmoja pale na binti yake mdogo. Yule binti akauliza, "Mama, anaitwa nani?" Mama akasema, "Zamani zile hawakuwa na majina, mpenzi." Na Baba, Dien, Baba yetu ambaye salamu zake ni kutikisa kiko, akamwinamia yule mtoto akasema, "Anaitwa Gielen." Jina la babu. Mama akamvuta binti yake wakaenda kwenye vyungu.

Hakutaka kuondoka. Mpaka tulipofukuzwa kwa kengele basi la saa kumi lilikuwa limekwenda, na la saa kumi na mbili tulilingoja kwenye mvua. Ndicho hicho kikohozi. Anasema hakijutii.

Mdogo wako,
Nol


Ontario, 2 Februari 1952

Mdogo wangu mpendwa Nol,

Simu yako ya upepo ilifika tarehe kumi na tano Januari, na barua ya mazishi wiki hii. Pole wewe, na mimi pole. Wewe ndiye uliyemfumba Baba macho, nakushukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Nimefurahi kwamba alipata mahali karibu na ukuta, upande uleule aliouomba siku ile. Nimefurahi pia kwamba Paroko alikuwa na mafua na hakuweza kusema mengi.

Gielen. Mimi nilikuwa namwita hivyohivyo. Sikuwahi kumwambia mtu, wala Baba. Nilikaa na barua yako mapajani mpaka maziwa yakachemka yakamwagika.

Nimemwambia Lowie. Miaka kumi na tatu ya ndoa nimelibeba, na nikalisema bandani wakati wa kukamua, maana uso wake ulikuwa umegeukia ng'ombe. Alikamua mpaka ng'ombe wa mwisho. Kisha akaosha mikono akasema, "Basi nenda ukamwone. Mimi nitakula mayai."

Nimeuza mitamba wawili. Meli inaondoka tarehe tatu Mei, itafika Rotterdam tarehe kumi na mbili. Usinipeleke kwanza nyumbani, Nol, wala kaburini kwa Baba, atanielewa. Nipeleke makumbusho. Nitapanda ngazi kama mgeni yeyote, nitakata tiketi, nitasimama mbele ya kioo kama mama yeyote aliyekuja kutazama vya kale, na hakuna mtu atakayenijua. Sitasema neno. Nataka tu kukaa naye mpaka kengele.

Waulize saa za kufungua mwezi wa Mei. Nisije nikakuta pamefungwa.

Dada yako,
Dien


Eersbroek, 16 Machi 1952

Dada Dien,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na inakukuta nyumbani. Mimi ni mzima. Goti halina neno. Nyika imeshalimwa hadi pale tulipokuwa tunachunga. Ni nyeusi na imenyooka, hutaitambua. Koleo nimelirudisha, wakanipa risiti.

Niliwaandikia makumbusho kuuliza saa za kufungua, kama ulivyosema. Nilijibiwa kwa mashine ya chapa. Nakunakilia, sitaki kukusimulia kwa maneno yangu.

"Bwana, tunafungua saa nne hadi saa kumi na nusu, isipokuwa Jumatatu. Kuhusu Mtoto wa Eersbroek, tunasikitika kwamba kipande hicho hakipo tena kwenye maonyesho. Kutokana na joto la jiko, mchanga ulikauka, ukapasuka, na mnamo tarehe 19 Januari ukaporomoka wote ndani ya kabati. Picha na mchoro wa Profesa Roosdorp vimehifadhiwa na vinaweza kutazamwa kwa maombi ya maandishi."

Baba alikufa tarehe kumi na nne. Hilo alilikwepa.

Jana Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Karatasi imechapwa vizuri, lakini haikuwa imesema mchanga umekwenda wapi. Nilifikiri labda upo kwenye ndoo mahali fulani, labda ghalani, na kwamba ndoo naweza kuibeba, nimebeba kizito zaidi. Nilikuwa nimeshachagua mahali: kwa Baba, miguuni, ningechimba mwenyewe asubuhi Paroko akiwa kwenye misa. Futi mbili zinatosha.

Yule mlinzi mnene alinikumbuka. "Yuko wapi mzee?" akauliza. Nikamwambia. Akasema pole, na kwa kweli alisikitika, akanipa kahawa yake. Kisha nikamwuliza habari za mchanga.

"Wa mtoto? Aa, bwana, siku zile kulikuwa na barafu, unakumbuka? Ngazi zote kioo kitupu. Mkurugenzi aliteleza nusura avunje kiuno. Akasema mwageni kitu pale kabla hatujaua mtu. Sasa jivu tulikuwa hatuna." Alikuwa ananieleza kwa fahari kidogo, kama mtu aliyeokoa hali. "Mchanga mzuri ule. Mkavu, laini, hauna jiwe hata moja. Ulishika vizuri sana."

Nilimshukuru kwa kahawa. Nilitoka. Ngazi ni tisa. Zilikuwa zimeshafagiliwa.

Mdogo wako,
Nol